Mtupo Uliosubiri Mgeni Rasmi

Katika Jamhuri ya Mirandu, jambo ambalo halijazinduliwa na mgeni rasmi huhesabiwa kuwa halijaanza. Msidhani ni desturi tu. Ni sheria, ina namba na ina muhuri. Kisima cha Mtaa wa Juu kina mwaka wa sita kinatoa maji, na wananchi huyachota, huyanywa na kuyapikia, lakini kwa majaribio. Kuna shule ambayo watoto waliingia darasa la kwanza wakatoka la saba, sasa wanaleta watoto wao, na utepe mwekundu ungali umekatiza mlangoni. Asubuhi huinama wakapita chini yake, mchana huinama tena wakatoka, na ndiyo maana watu wa upande ule wanasifika kwa adabu.

Mambo yote haya yako chini ya Wizara ya Mianzo na Itifaki. Iliwahi kupendekezwa iwepo na Wizara ya Miisho, lakini hakupatikana mtu wa kuizindua. Kwa sheria hiyohiyo hata hadithi hii bado haijaanza, kwa hiyo yeyote atakayekasirika humu ndani atakuwa amekasirika kabla ya wakati.

*

Hilali Sengo alikuwa mwalimu wa hesabu siku za kazi na refa wa mpira wa kikapu siku za mapumziko. Miaka ishirini na sita alipuliza filimbi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kubadili uamuzi hata mmoja. Wasiompenda walisema ni mbishi. Hakuwa mbishi, alikuwa anaona.

Mchezo huo una swali moja ambalo limevunja urafiki wa watu wengi. Mchezaji akigongwa kabla hajaanza kurusha mpira, timu yake hupewa mpira pembeni, na mambo yameisha. Akigongwa akiwa ameshaanza kurusha, hupewa mitupo huru miwili: anasimama mbele ya kikapu, hakuna wa kumzuia wala kumsukuma. Baina ya hayo mawili pana kiasi cha kupepesa jicho. Watu wa kawaida hapo huona mikono mingi na kusikia makelele. Hilali aliona mpira unavyotulia katika viganja, kiwiko kinavyogeuka na kuingia chini ya mpira, kisha ule mnyanyuko wa kwanza, mdogo, ambao hata mrushaji mwenyewe pengine hajui kwamba ameshaufanya. Nyumbani mkewe alimlaumu kwamba haoni kikombe kilicho mbele ya pua yake. Hilali alikuwa anajibu kwamba kikombe hakijaanza kwenda popote.

Alijivunia jambo hilo, tusimfiche. Katika nchi ambamo hakuna aliyejua chochote kimeanza lini, yeye alikuwa na kitu kimoja anachokijua.

*

Fainali ya Kombe la Mianzo ilipangwa kuanza saa mbili asubuhi. Walikutana wanawake wa timu ya Cherehani, ambao ni mafundi nguo wa sokoni, na wanawake wa timu ya Wizara, ambao ni makarani. Mgeni rasmi alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Balozi Daktari Makwaya Tenge, ambaye alikuwa arushe mpira wa kwanza. Saa mbili hakutokea. Saa nne akatuma salamu kwamba yuko njiani. Saa sita akatuma salamu kwamba salamu zile za kwanza zichukuliwe kuwa za awali. Saa saba wachezaji wakaruhusiwa kucheza kwa majaribio, ili miili isipoe.

Majaribio yakanoga. Watu walisahau kwamba mchezo haujaanza, wakashangilia mpaka sauti zikawakauka. Zikabaki sekunde mbili, Wizara ina pointi sitini na moja, Cherehani sitini, na mpira uko mikononi mwa Siwema Kapufi.

Siwema alikuwa binti wa miaka ishirini na moja, mkata vitambaa wa kutegemewa pale sokoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapita na mkasi kwenye kitambaa pasipo kuchora mstari. Akaudunda mpira mara moja, akaukusanya. Hilali akaona viganja vikitulia, akaona kiwiko kikiingia chini, akaona mnyanyuko. Wakati huohuo king'ora cha msafara kikalia getini.

Aliyekuwa anamkaba Siwema alikuwa mtumishi wa wizarani, Bi Stamili, Karani wa Tepe Daraja la Pili. Bi Stamili alikuwa amefunzwa kwa miaka kumi na moja kwamba akisikia king'ora akimbilie mstari wa mapokezi. Akasahau mpira, akasahau kikapu, akakata njia moja kwa moja kuelekea getini, na njia hiyo ilipita katikati ya mkono wa Siwema. Kifundo kikalia. Waliokaa safu ya nyuma wanasema walikisikia.

Hilali akapuliza filimbi na kunyoosha vidole viwili juu: mitupo huru miwili. Waziri akaingia, akadhani vidole vile ni vya kumsalimia, naye akanyoosha vyake.

"Wameshaanza?" Waziri akamuuliza Katibu wake, Bwana Mtawali.

"Bado, Mheshimiwa. Walikuwa wanakusubiri wewe."

"Na huyo binti anayelia?"

"Naye bado, Mheshimiwa."

Hapo Hilali alifanya kosa ambalo mkewe angemwonya asilifanye kama angekuwepo. Alisogea mbele na kusema, kwa sauti ya mtu anayesoma jibu la hesabu ubaoni, "Mheshimiwa, mtupo ulikuwa umeshaanza. Amegongwa akiwa anarusha."

Waziri akamtazama Hilali kwa upole mkubwa, ule upole wa wakubwa ambao ukiupata ni bora uende nyumbani ukaage watu wako. Kisha akaomba kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," alisema. "Mwenzetu huyu anatuambia kwamba katika nchi hii kitu kimeanza, na sisi hatukuwepo. Ni jambo zito. Mimi sisemi ni kweli, wala sisemi si kweli. Serikali yenu sikivu haiwezi kukaa kimya huku vitu vinaanza ovyo. Naunda Tume."

Makofi yakapigwa. Siwema alikuwa bado amekaa chini, ameushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto.

*

Kitu cha kwanza ambacho Tume ya Kuchunguza Mwanzo wa Mtupo ilifanya ilikuwa kuulinda ushahidi. Bwana Mtawali alikuja na kamba na lakiri nyekundu, akaufunga mkono wa Siwema pale penye kifundo, akapiga muhuri. Kuanzia saa ile mkono ukawa Kielelezo Namba Moja. Kuunyoosha, kuufunga bandeji au kuukanda kwa maji ya moto ilikuwa kuharibu ushahidi, na adhabu yake ilikuwa miaka mitatu kwa mwenye mkono na mitano kwa mkandaji.

Hilali alimpeleka Kituo cha Majeruhi. Daktari wa zamu, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, alisogeza kiti, akauangalia mkono kwa mbali.

"Umevunjika," alisema. "Ukinyooshwa leo, baada ya wiki sita atashika mkasi. Lakini sisi hupokea watu walioumia katika tukio lililoanza. Mna Hati ya Mwanzo?"

"Tume ndiyo inaitafuta," alisema Hilali.

"Basi nimeruhusiwa kumpa pole." Akainamisha kichwa. "Pole sana, mwanangu."

"Nimeshapoa," alisema Siwema, maana ndivyo tunavyojibu, hata tusipopoa.

Njiani kurudi alimwambia Hilali, "Refa, uliona. Mpira ulikuwa unapanda."

"Ulikuwa unapanda."

"Usije ukawaambia vingine. Mitupo ile ni yangu."

Hilali akamhakikishia. Wakati ule wote wawili walidhani shida yao ni ukweli.

*

Tume ilikaa. Mtaalamu wa kwanza, aliyetoka idara ya ujenzi, alieleza kwamba jengo huanza chini, na binadamu vilevile, kwa hiyo mtupo huanza magotini. Wajumbe wakapima magoti ya Siwema wakayakuta yana urefu unaokubalika. Mtaalamu wa pili, mwanasheria wa Wizara, alisema mtupo huanza mpira unapouacha mkono, kwa sababu kabla ya hapo mtu anaweza kughairi, na Serikali haiwezi kutambua jambo linaloweza kughairiwa. Kwa hoja hiyo mrushaji hawezi kamwe kugongwa akirusha, bali kabla au baada tu. Wajumbe waliipenda kwa kuwa ilikuwa inapunguza kazi.

Mtaalamu wa tatu alikuwa profesa wa nia. Huyu alisema kwamba mtupo huanza moyoni. Akamuuliza Siwema lini alikata shauri la kurusha.

"Tangu asubuhi," alisema Siwema. "Nilipoamka nilijiambia leo narusha."

Profesa akafurahi mno. Kwa hiyo, alisema, binti huyu alikuwa anarusha tangu alipoamka, na kila aliyemgusa siku hiyo amemfanyia faulo. Wajumbe wakaagiza watafutwe. Akaletwa jirani aliyemkanyaga kidole bombani, akaletwa muuza maandazi aliyemgusa kiganja wakati wa kumpa maandazi, akaletwa shangazi yake aliyemkumbatia na kumtakia ushindi. Shangazi alipata onyo kali, maana kumbatio lilitoka nyuma.

Hilali aliitwa siku ya kumi na nane. Alitakiwa aonyeshe ule mnyanyuko wa kwanza. Akasimama katikati ya chumba, akashika hewa kama aliyeshika mpira, akaonyesha viganja, kiwiko, mnyanyuko.

"Rudia polepole," alisema mwenyekiti.

Akarudia polepole.

"Polepole zaidi. Mwandishi wa kumbukumbu hakuupata."

Walimtaka arudie mara arobaini. Mwishowe alikuwa ananyanyua polepole kiasi kwamba mjumbe mmoja alikwenda kunywa chai, akarudi, akakuta mtupo bado haujafika kidevuni. Mwandishi akaandika: *Shahidi anadai kitu kilianza. Sisi tulikuwepo na hatukukiona kikianza.* Hilali alipokwenda nyumbani hakula. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijiuliza kama kweli alikuwa anaona.

*

Wiki ya saba alikwenda sokoni. Siwema alikuwa amekaa kwenye meza yake ya kukatia, mkasi uko kushoto. Mbele yake palikuwa na kitambaa cha bibi harusi, na ukingo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Mwenye meza, mama aliyemfundisha kazi, alikuwa amegeukia upande mwingine ili asione. Mkono wa kulia ulikuwa mapajani na lakiri yake. Uvimbe ulikuwa umekwisha. Mkono ulikuwa umejiunga wenyewe, umepinda ndani, na vidole vinaangalia mahali ambapo vidole haviangalii.

"Keshokutwa mwenye meza ananipunguza kazini," alisema Siwema kwa sauti ya chini. "Ananionea huruma, lakini wateja hawanunui huruma. Kuna mzee huko ng'ambo anaunga mifupa. Anasema mfupa ukikaa vibaya huvunjwa upya ukanyooshwa, lakini si ukizidi miezi mitatu."

Hilali akazihesabu wiki zilizobaki.

"Refa, nenda kawaambie sikurusha."

"Lakini ulirusha."

"Najua. Kawaambie sikurusha, wanifungue." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kavu. "Mimi sitaki tena ile mitupo. Nataka mkono."

Miaka ishirini na sita Hilali hakuwahi kubadili uamuzi. Alitembea mpaka Wizarani kwa miguu, kila hatua akijisemea sentensi ile mpya, kama mwanafunzi anayeogopa kuisahau. Alipofika mbele ya Bwana Mtawali aliitamka bila kukosea: "Nabadili uamuzi. Mtupo haukuwa umeanza."

Bwana Mtawali aliguswa. Alimpa kiti, akamwagizia chai. "Mwalimu wangu, umetenda jambo la busara. Ungelisema siku ile tungelikuwa tumemaliza."

"Basi mfungueni leo."

"Leo?" Bwana Mtawali alisikitika kwa dhati, alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililokuwa linachosha. "Kufuta kauli ni jambo, mzee wangu, na jambo huanza. Lazima kikao cha kufuta kauli kizinduliwe. Mgeni rasmi yuko nje ya nchi kwa ziara ya mafunzo, anajifunza jinsi wenzetu wanavyoanza."

"Atarudi lini?"

"Tulipata taarifa kwamba ziara bado haijafunguliwa rasmi."

Hilali alikunywa ile chai kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

*

Waziri alirudi mwezi wa tano tangu siku ya fainali. Alirudi amebadilika. Huko alikokuwa alikuta watu wanaanza mambo wenyewe, mchana kweupe, tena kila mmoja kwa wakati wake, na ilimtia aibu. Akasoma taarifa ya Tume ndani ya gari na kutoa hukumu kabla hajashuka: mtupo ulianza, ingawa mchezo haukuwa umeanza. Haki ya mwananchi imelindwa. Mitupo huru miwili itatolewa, na yeye mwenyewe ataizindua. Kauli ya Hilali ya kufuta kauli haikuonekana kwenye faili, kwa kuwa haikuwa imeanza.

Katika nchi nyingine, aliyeumia hurushiwa na mwenzake. Cherehani waliomba hivyo. Waziri akakataa kwa heshima zote. "Aliyeanza ndiye atakayemaliza," alisema. "Hatuwezi kumnyang'anya binti huyu ushindi wake."

Mahema yakasimamishwa, viti vikavishwa vitambaa, bendi ya polisi ikaja na tarumbeta tatu. Utepe ulifungwa kuuzunguka mpira. Waziri alihutubia kwa saa mbili na nusu kuhusu mahali tulipotoka. Kisha akakata utepe, akapiga picha na mpira, akapiga picha na kikapu, akaukabidhi mpira kwa Hilali, na Hilali akampelekea Siwema kwenye mstari.

Kanuni inampa mrushaji sekunde tano. Mtupo wa kwanza Siwema aliusukuma kwa mkono wa kushoto. Haukufika hata kwenye wavu. Ukaangukia miguuni mwa wapiga tarumbeta. Watu wakapiga makofi, maana walikuwa wameambiwa wapige.

Wa pili aliujaribu kwa mkono wake wa kulia. Hilali alisimama hatua mbili kutoka kwake na kuanza kuhesabu kwa mkono, kama inavyotakiwa. Moja. Aliona viganja vikiutafuta mpira, kimoja kikaupata, kingine kikaukosa. Mbili. Alihesabu polepole kuliko alivyowahi kuhesabu, na Waziri akatazama saa. Tatu. Akaona kiwiko kikigeuka na kuingia chini ya mpira. Nne. Akaona bega likipanda, na mnyanyuko ule mdogo wa kwanza, safi kabisa, uleule. Kisha mpira ukafika usawa wa kifua ukasimama hapo, kwa sababu kifundo hakikukunjika, na Siwema akaushikilia. Tano. Hilali akapuliza filimbi. Wizara ilikuwa imeshinda kwa pointi moja.

Bwana Mtawali akaja mbio na faili. "Mwalimu, swali moja tu la kujaza. Huu wa pili ulianza au haukuanza? Kama ulianza ukakatizwa na maumivu, itabidi tujue maumivu hayo ni ya nani. Tutaunda Tume nyingine, na kielelezo kitabaki palepale. Kama haukuanza, tunafunga faili na kumfungua sasa hivi."

Siwema alikuwa anamtazama Hilali. Wote wawili walikuwa wameuona.

"Haukuanza," alisema Hilali.

"Asante, Refa," alisema Siwema, na asante ile ilimchoma kuliko tusi lolote alilowahi kutukanwa uwanjani.

Bwana Mtawali akaandika, akapuliza wino ukauke. Akatoa mkasi mdogo wa kukatia lakiri, akauweka mezani, na kando yake akaweka karatasi ya makabidhiano: *Mimi niliyetajwa hapo juu nimepokea mkono wangu wa kulia ukiwa katika hali nzuri.* Siwema akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, akatia sahihi chini. Bwana Mtawali akailinganisha na ile iliyoko kwenye kadi yake ya uchezaji, akaiinua kwenye mwanga, akailinganisha tena.

"Hazifanani, dada yangu," alisema. "Hii ya kadi ni ya mkono wa kulia. Siwezi kukabidhi mali kwa sahihi ya mtu mwingine."

Hilali alikuwa na filimbi shingoni, na katika kanuni zote alizozijua kwa moyo haikuwepo faulo ya namna hiyo.

Siwema akaihamishia kalamu mkono wa kulia. Ikaanguka. Akaiokota, akaibana baina ya vidole viwili ambavyo havikukutana, akainama juu ya karatasi, na wino ukaanza kwenda upande ambao hakuukusudia. Bwana Mtawali alimvutia kiti, akampa karatasi nyingine safi, akakunja mikono kwa utulivu.

"Jaribu tena taratibu," alimwambia. "Hatuna haraka."